Kufungua studio mutaani: mikro haiko kitu cha kwanza cha kununua

Goma, Bukavu, Butembo, Uvira, Bunia: katika mitaa mingi leo utakuta chumba kimoja ambamo kijana ameweka ordinatere, mikro na bafle mbili, akaandika « Studio » kwenye mulango. Korale za makanisa zinarekodi pale, vijana wa rap wanarekodi pale, hata wenye maduka wanatengenezesha matangazo yao pale. Ni kazi nzuri na inalisha watu. Lakini fundi wa radio anayepokea zile nyimbo anajua upande mwingine wa habari. Wimbo unafika na mungurumo chini yake kama wa friji, sauti ya muimbaji inalia kama mutu anayeimba ndani ya choo cha sima, na mahali anapopandisha sauti, inapasuka. Hakuna mashini ya radio inayoweza kuondoa hayo yote. Wimbo unapigwa mara moja, kiisha unalala.

Wengi wenye wimbo wanafikiri shida ni mikro ya bei ndogo. Wanachanga tena, wananunua mikro ya bei kali zaidi, na mungurumo unabaki palepale. Na feza hizo si feza za kuchezea. Ni likelemba ya vijana, ni muchango wa korale, ni maharage na kuku waliouzwa. Ndiyo maana inafaa mutu ajue kila chombo kinafanya kazi gani, na namna ya kukipima mbele ya kutoa hata dola moja.

Kinachouzwa kama « studio kamili »

Tuseme korale ya watu 25 imeweka akiba mwaka muzima. Musimamizi anashuka Birere kama yuko Goma, ao Kadutu kama yuko Bukavu. Anaonyeshwa karto moja: ndani muna mikro nene ya rangi ya zahabu, mukono wa chuma wa kuishikilia, sponji, na kasanduku kenye taa za rangi na vifungo vya kicheko na makofi. Muuzaji anasema hii ni studio kamili. Macho yanafurahi.

Mikro ile mara nyingi imeandikwa BM-800, na kasanduku kanaitwa V8. Vitu hivyo havikutengenezwa ili kudanganya mutu. V8 ilitengenezwa kwa wale wanaoongea na watu moja kwa moja kupitia simu na intaneti. Ndiyo sababu iko na kicheko na makofi. Kwa kazi ile inatosha. BM-800 nayo ni mikro ya aina inayoitwa kondensatere. Mikro za aina hiyo haziwezi kufanya kazi bila kulishwa umeme, na kipimo cha studio ni volti 48 zinazopita ndani ya kable ileile inayobeba sauti. Lakini ndani ya karto wanaweka kable yenye kichwa kidogo, kama cha ekutere za simu, na kichwa kile kinaleta volti chache tu. Mikro inafanya kazi na njaa. Sauti inatoka ndogo, fundi anaipandisha, na kelele inapanda pamoja nayo: shhhhh toka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho.

Mikro ileile, ukiipa volti 48 kupitia kable ya pini tatu, inabadilika. Haiwi mikro ya studio kubwa, lakini sauti inapata nguvu na ile shhhh inapungua. Maana yake kijana aliyekwisha kuinunua asiitupe mbio. Kilichokosekana ni kisanduku cha kuilisha.

Chumba kinaingia ndani ya wimbo

Sauti inatembea karibu metre 340 kwa sekunde. Muimbaji akisimama metre moja na nusu toka ukuta wa matofali, sauti yake inagonga ukuta na kurudi kabla sekunde haijafika hata sehemu yake moja ya mia. Sikio haliwezi kutenganisha sauti hizo mbili. Linasikia tu kwamba sauti imechafuka. Hiyo ndiyo sauti ya choo cha sima. Sasa, mikro ya bei kali inasikia vizuri zaidi, kwa hiyo inasikia na ukuta vizuri zaidi. Mwenye chumba kibaya akinunua mikro kubwa, analipa ili ubaya wa chumba chake usikike sawasawa.

Dawa ya ukuta ni vitu vinene na laini: magodoro, mablanketi mazito, nguo nyingi zilizotundikwa. Trei za mayai, ambazo studio nyingi zimebandika kila mahali, zinapendeza kwenye picha lakini ni karatasi nyepesi. Zinapunguza kidogo tu zile sauti nyembamba za juu, zile nene zinapita, na kelele ya inje inaingia kama kawaida. Tena zinashika moto haraka, na chumba chenye waya za umeme kila upande hakihitaji kitu cha namna ile.

Kuna jambo moja wengi hawalijui. Watu wanatundika blanketi nyuma ya mikro. Lakini mikro ya kuimbia kwa kawaida inasikia zaidi mbele yake, na mbele yake kuna muimbaji, na nyuma ya muimbaji kuna ukuta. Ukuta ule ndio mikro inauangalia. Godoro la kwanza linapaswa kusimama nyuma ya mugongo wa muimbaji, la pili pembeni. Magodoro mawili ya zamani yaliyowekwa vile yanasaidia kuliko ukuta muzima wa trei.

Nyumba za mbao, ambazo ni nyingi Goma, ziko na shida ingine. Mbao hazirudishi sauti nene kwa nguvu kama matofali, hilo ni jambo nzuri, lakini zinaacha kila kitu kipite: moto taksi, kilabu cha jirani, sinema ya mutaani. Na juu kuna manjanja. Mvua ikianza kupiga manjanja, kazi imekwisha, na hapa Kivu mvua inatawala kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano. Plafo yenye kitu kizito juu yake inapunguza, haiondoi. Studio zinazofanya kazi vizuri zimechagua saa zao: alfajiri mbele watu hawajaamuka, ao usiku kilabu kikisha kufunga. Saa haziuzwi dukani, lakini mukodishaji wa chumba anapaswa kuzipima. Mbele ya kulipa garantii ya nyumba, aingie mara tatu kwa saa tofauti, aweke simu mahali mikro itakapokuwa, arekodi kimya cha dakika moja, kiisha asikilize na ekutere. Apige na makofi mara moja katikati ya chumba. Kama makofi yanaacha mukia wa chuma nyuma yake, chumba kile kitaomba magodoro mengi.

Waliorekodi muziki huku kwetu zamani walilijua hilo. Mwaka 1952, Hugh Tracey alipita ukingo wa pori la Ituri akirekodi Wanande, Wabira na Wambuti, na mwaka uleule akamurekodi Jean-Bosco Mwenda na gitaa yake kule Jadotville, muji unaoitwa leo Likasi. Hakuwa na chumba cha studio. Alikuwa akishika mikro moja kwa mukono na kuisogeza karibu na kile kilichofaa kusikika. « Masanga » ya Mwenda ilizunguka dunia ikiwa gitaa moja na mutu mumoja. Mahali pa kusimamisha mikro palifanya kazi ambayo leo watu wanaitafuta ndani ya karto.

Umeme: ule mungurumo unatoka wapi?

Umeme wa nchi yetu ni volti 220, nao unageuka mara 50 kwa sekunde. Ukiingia ndani ya njia ya sauti, unasikika kama noti nene isiyoisha: ule mungurumo wa friji. Unaingia kupitia njia nyingi. Nyumba nyingi hazina waya wa kushuka ndani ya udongo. Kable ya mikro inalala pamoja na kable ya umeme kwenye njia moja. Ao sharjere ya ordinatere ni ya bandia.

Kuna jaribio lisilolipisha kitu. Rekodi kimya na ordinatere ikiwa kwenye prizi. Kiisha toa sharjere, acha ordinatere itumie batri yake, rekodi tena. Kama mungurumo umekufa, mikro haina kosa. Studio inayofanya hivyo inajua tayari pa kuweka feza: sharjere ya kweli, prizi moja kwa vyombo vyote, na fundi wa umeme apige chuma ndani ya udongo na kuunganisha waya. Ni kazi ya siku moja.

Hapo ndipo ordinatere ya kubeba inashinda ile ya mezani, hata kama ya mezani iko na nguvu zaidi kwa bei ileile. SNEL ikikata katikati ya ubeti wa tatu, ya kubeba inaendelea. Ya mezani inazima na inaweza kuharibu hata ubeti wa kwanza. Umeme ukirudi, mara nyingi unarudi na nguvu isiyo sawa, na hiyo inaua vyombo. Stabilizatere inapaswa kuwa ndani ya hesabu toka siku ya kwanza.

Wenye pano za jua waangalie konvertisere yao. Zile za bei ndogo hazitoi umeme laini kama wa SNEL. Zinatoa umeme wa ngazi-ngazi, na ngazi zile zinasikika ndani ya wimbo kama nyuki. Ile inayotoa umeme laini inaomba feza zaidi, lakini kuna njia ya kuikwepa: kuchaji ordinatere muchana, kuzima konvertisere, kurekodi na batri. Kisanduku cha sauti kinachokula umeme wa ordinatere kupitia USB kinakula kidogo, batri nzuri inakibeba muda mrefu. Na jenereta, kama haina budi, ikae mbali kadiri kable inavyoweza kufika, nyuma ya ukuta mwingine.

Sasa mikro

Baada ya chumba na umeme, ndipo tunaweza kuongea mikro. Ziko za aina mbili ambazo studio ndogo inapaswa kujua.

Ya kwanza ni ya dinamiki. Ndani yake kuna waya uliozungushwa karibu na sumaku. Sauti inasukuma waya na umeme kidogo unazaliwa. Haiombi kulishwa. Inasikia kile kilicho karibu na mudomo na inaacha mengi ya mbali. Inayojulikana kuliko zote ni SM58 ya Shure, iliyotoka mwaka 1966, ile yenye kichwa cha mviringo kama mupira mudogo. Ya pili ni ya kondensatere, ambayo inasikia mambo madogo: kucha kwenye waya za gitaa, pumzi ya muimbaji, likembe, na pia mutoto anayelia kwa jirani.

Vijana wengi wanaamini kondensatere ndiyo mikro ya studio na dinamiki ni ya jukwaa tu. Si kweli. Sauti ya Michael Jackson kwenye « Thriller », mwaka 1982, ilirekodiwa na mikro ya dinamiki, SM7 ya Shure. Kwa chumba cha mbao karibu na barabara, dinamiki inasamehe mengi. SM58 inasikia toka hezi 50 mpaka 15.000, na radio ya FM yenyewe haipitishi zaidi ya 15.000. Kwa hiyo muimbaji anayetafuta kupigwa radioni haonewi na mikro hiyo. Lakini SM7 isichukuliwe mbio juu ya jina la Michael Jackson: inatoa sauti ndogo sana, na visanduku vya bei ndogo haviwezi kuipandisha bila kuleta shhhh.

Tatizo la SM58 ni ndugu zake wa bandia, na sokoni ni wengi. Ya kweli, ikiwa mupya, inauzwa Marekani karibu dola 100. Ikija mpaka huku imelipa ndege, duane na faida ya muuzaji. Ikitolewa kwako dola 20 ikiwa mupya ndani ya karto, hesabu inakataa yenyewe. Tena kuna mizani. Ya kweli iko na gramu 298, na katika miji yetu mizani ya gramu haikosekani: wanunuzi wa zahabu wako nayo. Ikipungua sana, rudisha. Ikiwa sawa, hiyo haijathibitisha kitu, juu watengenezaji wa bandia nao wanajua kuongeza chuma ndani. Inabaki kuisikiliza.

Kisanduku, kable, kaske

Kisanduku cha sauti, ambacho wengi wanaita karte son, ndicho kinabadilisha sauti kuwa namba ambazo ordinatere inaelewa. Kinapaswa kuwa na pahali pa kable ya pini tatu, kifungo cha volti 48, na njia ya kumusikilizisha muimbaji sauti yake papo hapo bila kupitia ordinatere, vinginevyo anajisikia kwa kuchelewa na anapoteza mapigo. Scarlett Solo ya Focusrite iko na njia moja ya mikro, 2i2 iko na mbili; Behringer inatengeneza vya bei ya chini. Muimbaji mumoja-mumoja anahitaji njia moja tu. Anayeuziwa njia nane na anarekodi mutu mumoja ameuziwa heshima.

Kurekodi kwenye biti 24 na hezi 44.100 kunatosha kwa wimbo. Kwa video watu wanatumia 48.000. Njia moja inakula karibu megabaiti 8 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika tano wenye njia kumi unafika 400. Diski ya pili ya kuweka nakala si ya hiari: ordinatere zinaibiwa, zinaanguka, watu wanakimbia nyumba.

Kable ya pini tatu inabeba sauti mara mbili kwa namna inayoua kelele iliyoingia njiani. Nunua mbili za kweli kuliko tano za kung'aa. Kaske iwe ile inayofunga masikio yote, la sivyo muziki unatoka na kurudi ndani ya mikro. Programu ya bure kama Audacity inatosha kuanza. Reaper inajaribiwa siku 60 na kibali chake kwa studio ndogo ni dola 60. Programu zilizovunjwa zinazopitishwa kwa kle USB zinaleta virusi pamoja nazo, na virusi havichagui wimbo wa nani.

Kupima mbele ya kulipa

Muuzaji atasema: « Hii ni orijino. » Usibishane naye, omba kujaribu. Nenda na ordinatere yako, kaske yako, kisanduku na kable ambavyo unajua vinafanya kazi. Kama hauna, azima kwa studio ya rafiki. Rekodi kimya cha dakika moja na mikro ikiwa wazi. Rekodi mutu akisoma maneno yaleyale, mudomo ukiwa mbali na mikro kwa upana wa mukono, kiisha aimbe kwa nguvu yote aliyo nayo. Angalia taa nyekundu isiguswe: sauti ikipasuka wakati wa kurekodi, hakuna dawa tena. Tikisa kable. Kama kuna mkwaruzo, angalia kama ni kable ao ni mikro yenyewe.

Ukilinganisha mikro mbili, sawazisha kwanza nguvu ya sauti. Sikio la binadamu linapenda inayopiga zaidi na kusema ndiyo nzuri; wauzaji wanalijua hilo. Mutu mwingine abadilishe bila wewe kujua ni ipi inalia. Mara nyingi ya dola 60 inashinda ya 150 kwa sauti fulani, ya mwanamke ao ya muzee mwenye sauti nene, kwa hiyo mwenye kuimba lazima awe pale, si musimamizi tu.

Ile rekodi usiihukumu dukani. Isikilize nyumbani kwenye simu, kwenye bafle, na ndani ya gari kama mutu anayo. Muuzaji anayekataa kabisa kujaribiwa, hata kwa garantii iliyoandikwa kwenye faktire na siku tatu za kurudisha, amekujibu tayari.

Na ile korale ya watu 25?

Watu 25 hawaingii ndani ya chumba cha metre tatu kwa tatu, na kuwarekodi wanne-wanne kunaua mapatano ya sauti zao. Kwa korale, chumba kizuri ni kanisa lao lenyewe, katikati ya wiki, likiwa tupu. Mwangwi wa kanisa, tofauti na ule wa choo, unabeba korale. Mikro mbili za kondensatere zisimamishwe juu ya vichwa vya mustari wa kwanza, metre mbili ao tatu mbele yao. Sauti ikizidi upande wa masoprano, songesha watu, si mikro: wenye nguvu warudi nyuma hatua moja.

Ama waache studio kwanza, wanunue ao wakodishe kirekodi cha mukononi kama Zoom H4n, ambacho kiko na mikro mbili juu yake na kinakula mapile mawili madogo tu. Hakiombi SNEL, hakina mungurumo wa prizi, kinaingia ndani ya mufuko. Akiba iliyobaki inaweza kungoja mpaka waone kama kazi inaleta feza. Siku ya kurekodi, mutu mumoja asimame kwenye mulango kuzuia watoto, mwingine aende kuomba fundi wa kusudia karibu na kanisa asimamishe mashini yake kwa saa mbili. Ile ya pili mara nyingi inalipisha soda moja.